Kibodi Iliyopimwa kwa Maharage

Nayaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye leo asubuhi ameshindwa kufunga kifungo cha shati na hajamwambia mtu yeyote. Mimi nilikaa wiki sita bila kusema. Ilikuwa mwisho wa mwaka 2012, mvua za kwanza zimeanza, Kasulu nzima iko shambani inapanda mahindi, nami nikidhani vidole vinavimba kwa sababu ya baridi ya asubuhi.

Kazi yangu ni kuchapa. Shule niliishia darasa la saba. Mashine ya taipu niliinunua kwenye mnada, kambi moja ya wakimbizi ilipofungwa, ikaja na kijitabu cha mafunzo kisicho na jalada, nikajifundisha vidole vyote kumi kwa miezi minane. Watu wananiita Katibu, ingawa sijawahi kuwa katibu wa kitu chochote. Huniletea barua za mashamba, maombi ya uraia, wosia, barua za kuomba radhi. Chumba changu ni kimoja, kimegawanywa kwa turubai. Upande wa nje kuna benchi la wanaosubiri. Upande wa ndani nakaa mimi, uso umeelekea ukutani, na mteja anakaa nyuma yangu kwenye kigoda. Yeye anasema, mimi nachapa, sigeuki. Utaratibu huo niliuweka mwaka wa kwanza, baada ya kuona kwamba mtu akitazama mgongo wako husema. Akitazama uso wako hupunguza.

Aliyeugundua ugonjwa ni mke wangu, Skolastika. Nilikuwa nimebuni njia: shati nalivua bila kufungua vifungo, kesho nalivaa kwa kulipitisha kichwani.

"Baba Eliya," alisema, "tangu lini shati linavaliwa kama gunia?"

"Tangu mahindi yapandwe."

"Na mimi humu ndani nafanya nini? Mimi ni mpangaji?"

Alinifunga vifungo akiwa amenuna, na tangu siku ile hakuacha kunifunga, wala hakuacha kununa.

Huku kwetu salamu ya mdomo tu haitoshi. Mtu akikuambia "mwakeye" anakushika mkono na kuushikilia, mnaulizana habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, na mkono bado uko ndani ya mkono. Kwangu salamu moja ilikuwa adhabu ya dakika tatu. Nikaanza kuweka mikono mfukoni. Baada ya mwezi nikasikia kwamba Katibu siku hizi ana majivuno, amepata pesa za mashamba ya watu.

Kaka yangu Filbert alikuwa na maelezo mengine.

"Mwaka huu umechapa wosia wa akina nani?"

"Wa wengi."

"Basi katika hao wengi yuko mtoto aliyenyimwa shamba. Mkono ulioandika ndio ulioshikwa. Twende Nyabibuye, kuna mtu."

Nilikwenda. Nilichanjwa chale kumi na tatu kwenye kila kiganja cha mkono, zikapakwa unga mweusi, nikaambiwa nisishike chuma hadi mwezi uandame mara nne. Mashine yangu ni ya chuma. Nilitii. Nilipoteza miezi minne, na katika miezi hiyo kidole cha shahada cha kulia kilianza kupinda. Simlaumu Filbert, alikuwa anatafuta mlango kama mimi. Lakini wewe unayesoma, usiipoteze miezi minne hiyo.

Kiangazi cha 2013 tulisikia kwamba daktari wa viungo anafika Kibondo mara moja kila miezi mitatu. Nilipanda basi alfajiri na daftari langu la mgonjwa ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu ya vumbi. Nilipewa namba arobaini na moja. Saa saba mchana walikuwa wamefika namba kumi na tisa.

Karibu yangu kwenye benchi alikaa mama mmoja wa makamo. Vidole vyake vyote vilikuwa vimelala upande mmoja, kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Nilijitahidi nisivitazame. Yeye alivitazama vyangu bila haya, akavihesabu kwa macho, akasema, "Wewe bado unavyo." Kisha akaniomba nimshikie kikombe cha maji anywe. Nilikishika kwa viganja viwili, naye akanywa, na maji yaliyomwagika yalitulowesha wote wawili. Tulicheka. Hicho ndicho kicheko changu cha kwanza mwaka ule.

Daktari alikuwa kijana, mpole, amechoka. Alibonyeza kila kifundo, akaandika, akaniambia ni baridi yabisi ya aina inayokula viungo vyenyewe.

"Tutauondoa?" nikauliza.

"Tutauzuia. Hatutauondoa."

Nikapewa vidonge vya kumeza mara moja tu kwa wiki. Akasisitiza mara tatu: siku moja, si kila siku, wapo walioumia vibaya kwa kukosea hapo. Nikachagua Ijumaa, nikaiandika kwenye boksi kwa herufi kubwa, na kuanzia hapo sikuhesabu tena miezi, nilihesabu Ijumaa. Jumamosi nilikuwa natapika. Jumapili nilikuwa nakaa. Nywele zilipungua. Muuguzi aliyenipa dawa, kabla sijaondoka, alifungua kifuniko cha chupa nyingine ya vidonge, akakirudisha bila kukikaza, ili vidole vyangu vikiweze. Nilikaa nje ya hospitali muda mrefu kidogo kwa sababu ya kifuniko hicho.

Ijumaa ya kumi na nane maumivu yalianza kushuka. Nguvu haikurudi. Mashine ya taipu niliijaribu, ikanishinda kwenye neno la pili. Nilikuwa na kompyuta ya mezani pia, lakini kibodi yake ya kawaida ilitaka kila herufi ibonyezwe hadi chini kabisa kwenye mpira, na kila mwisho wa herufi ulikuwa ukuta. Wateja niliwaambia wasubiri. Miongoni mwao alikuwemo Bibi Dafroza, mjane wa Kagerankanda, aliyevuka mpaka kutoka Burundi akiwa msichana na sasa ni raia kama mimi. Mwanzoni mwa mwaka 2012 alikuja akaniambia ana neno kwa wanawe, liandikwe, lifungwe, lifunguliwe baada ya kumzika. Nilikuwa na kazi nyingi. Nilimwambia, "Rudi baada ya mavuno, Bibi." Alikawia kurudi; aliporudi, mikono haikuwepo.

Bwana Hemedi, mwenye duka la simu na redio, ambaye nusu ya ukoo wake uko Dar, ndiye aliyeniambia kuhusu swichi.

"Katibu, kuna kibodi ambazo kila herufi ina swichi yake na springi yake. Unachagua mwenyewe. Kuna laini, kuna ngumu, kuna yenye kinundu katikati, kuna ya makelele."

"Mtu anachaguaje kitu ambacho hajakigusa?"

"Wewe mkeo ulimgusa kwanza?"

"Hemedi."

"Haya, haya. Nitamwambia mpwa wangu alete za kujaribia."

Zilifika ndani ya boksi la chaja: swichi nne zimebanwa kwenye kibao kidogo, nyekundu, kahawia, buluu na nyeusi. Nilizibonyeza kwa siku mbili, nikaona sipati jibu, kwa sababu kidole changu cha asubuhi si kidole cha jioni. Nilihitaji kipimo kisichougua. Nikakata kitako cha chupa ya maji, nikakiweka juu ya swichi, nikachukua maharage ya Skolastika, nikachagua yenye umbo moja, nikawa nayadondosha moja moja hadi swichi izame. Kila swichi mara tano.

"Wenzio wanapika maharage," Skolastika alisema akiwa mlangoni. "Wewe unayapima. Nikiulizwa mume wangu anaumwa nini, niseme mikono au kichwa?"

"Sema mikono. Kwa sasa."

Nyekundu ilizama kwa maharage themanini na mawili. Kahawia, tisini na tisa. Buluu, mia na kumi na mawili. Nyeusi, mia na kumi na matano. Ufunguo mmoja wa mashine yangu ya zamani niliujaribu pia: kitako kilijaa, maharage yakamwagika, ufunguo haukusogea. Nilichora jedwali lenye rangi, uzito, na safu ya kasoro. Penye buluu, kwenye kasoro, niliandika: "kelele." Penye nyekundu sikuandika kitu. Nikaagiza nyekundu.

Kibodi ilifika Machi 2014, watu wakipanda maharage. Siku ya kwanza nilichapa kurasa mbili. Vidole viliteleza kama juu ya samli. Nilikuwa nikigusa tu na herufi inatokea. Skolastika alikuja kunitazama akiwa ameshika mwiko, akasahau ugali, ukaungua. Nikamtumia Bibi Dafroza ujumbe kwamba nipo.

Alikuja siku ya gulio, ameletwa kwa baiskeli na Yohana, mwanawe wa mwisho, mtu mzima mwenye watoto wanne. Yohana akakaa kwenye benchi nje ya turubai. Bibi akakaa kigodani nyuma yangu.

"Andika: Wanangu."

Nikaandika.

Nikasubiri. Nje, Yohana alikuwa anakula muwa. Tulisikia akiumenya kwa meno, akitafuna, akitema makapi.

"Katibu," Bibi alisema kwa sauti ya chini sana, "huyo tunamsikia anavyotafuna."

"Ndiyo, Bibi."

"Basi na yeye anatusikia."

"Mtume dukani."

"Mtu mzima unamtuma chumvi, na chumvi anajua ipo nyumbani? Si atajua kuna neno?" Kigoda kililia, alikuwa anainuka. "Mashine yako ya kwanza ilikuwa inasema. Hii inasikiliza."

Alisema "mpore", neno letu la kupeana pole, kana kwamba aliyekosa ni yeye. Akatoka.

Nilikaa nikitazama lile neno moja kwenye kioo. Ndipo nikaelewa kwa nini tangu kibodi mpya ije wateja walikuwa wanasema mambo mafupi, wanasahau walichofuata, wanaahidi kurudi. Nilikuwa nimedhani ni yale maneno ya wosia na mkono ulioshikwa. Miaka kumi na minne nilijivunia mgongo wangu, kumbe waliosemeshwa walisemeshwa na makelele ya chuma. Nilipima kila kitu isipokuwa kile walichokuwa wanakuja kununua, na nilikiandika kwa mkono wangu kwenye safu ya kasoro.

Safari iliyofuata Kibondo nilimwuliza daktari kama ninaweza kuhamia swichi nzito zaidi. Nilimwonyesha jedwali. Alilisoma lote, jambo ambalo sikulitegemea.

"Maharage?"

"Ya njano. Ya ukubwa mmoja."

"Katibu, mikono yako ina akiba. Ukiitumia huku, hutaipata kule. Uamuzi ni wako, lakini mimi nisingefanya."

Mpwa wa Hemedi alileta swichi za buluu ndani ya bahasha. Fundi redio mmoja wa Kibondo, karibu na stendi, alikubali kuzing'oa nyekundu na kuzichomelea buluu. Nilimpa orodha: herufi ishirini na nne, nukta, koma, na ule ubao mrefu wa nafasi. Q na X nilimwambia aziache, Kiswahili hakizihitaji.

"Mzee," alisema, "watu wote wanakuja kwangu niwapunguzie kelele. Wewe wa kwanza kuja kuongezewa."

Skolastika hakulipokea vizuri. "Mwaka mzima umetafuta laini. Umeipata. Umeing'oa. Kwa bibi mmoja?"

"Si mmoja."

"Na hiyo mikono ikiisha, atakayekulisha ni nani? Bibi Dafroza?"

Baadaye, kwa hasira yake ileile, alikwenda mwenyewe kukaa kwenye benchi la nje, akasema, "Haya, jaribu." Nikaanza kuchapa. Swichi zililia tak-tak-tak, kavu, kama mvua ya mawe kwenye bati. Ilibidi niseme jambo lolote ili tupime, nami katika makelele yale nikasema kwa sauti ya kawaida kwamba ninaogopa. Kwamba kila asubuhi kabla ya kufumbua macho nahesabu vidole. Kwamba naogopa siku ambayo itabidi anilishe kijiko.

"Unasikia nini?" nikauliza, nikiacha kuchapa.

"Mashine."

"Mimi?"

Alikawia kidogo. "Mashine tu."

Sikumwuliza tena.

Mistari kumi na mitano. Hicho ndicho kilichokuwa kipimo changu kipya. Baada ya hapo vidole vilikuwa vinawaka, na siku mbili zilizofuata vilikuwa si vya kazi. Nikapanga wateja kwa mistari. Walirudi. Mtu mwenye wosia mrefu nilimgawia majuma.

Habari zilimfikia Bibi Dafroza taratibu, na yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuumwa kifua. Alikuja katikati ya 2015. Kiangazi kile mabasi yaliyojaa watu kutoka Burundi yalikuwa yanapita barabarani, magodoro na masufuria juu, na watu wakisema hata kambi ya Nduta itafunguliwa tena. Alisimama mlangoni kwangu hadi basi la tatu lilipopita. "Na mimi nilikuja hivyohivyo," alisema. "Ila kwa miguu." Akaingia, akakaa, nikaanza kuchapa kabla hajafungua mdomo, herufi zozote, ili makelele yatangulie. Naye akasema.

Sitaandika hapa alichosema. Siku ya kwanza tulifika mistari kumi na mitano, ya pili kumi na minne. Ilibaki sehemu ile ambayo barua yote iliandikwa kwa ajili yake. Alisema ataisema safari ijayo.

Kabla ya safari hiyo, dawa zilikosekana. Ijumaa ya kwanza niliambiwa nirudi. Ya pili, hivyohivyo. Ya tatu, mikono ilivimba kama mikate, na ya nne, dawa zilipofika, zilikuwa zimechelewa: Bibi Dafroza alikuja kabla hazijaanza kufanya kazi. Nilimsikia Yohana akiegemeza baiskeli. Nilimsikia Bibi akikohoa kutoka nje hadi kigodani, na baina ya kikohozi na kikohozi alikuwa anapumzika. Niliweka kidole juu ya A, nikasukuma. Haikuzama. Nikaweka kidole juu ya kidole. Ikalia mara moja, na machozi yakanitoka, si ya huzuni, ya maumivu tu.

"Katibu, siisikii mashine."

"Bibi, leo siwezi. Rudi juma lijalo."

Sote wawili tulikumbuka ni nani aliyewahi kumwambia maneno hayo. Kisha kigoda kikalia, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu mteja akaja akasimama ubavuni kwangu, nami nikageuka nikamtazama usoni. Alikuwa amekonda sana.

"Nionyeshe," alisema.

"Bibi, husomi."

"Nimesema nisome? Nimesema nionyeshe."

Aliinua mkono wa kulia. Kidole cha shahada kilikuwa kinene, kigumu, kimepasuka pembeni, kidole cha miaka sitini ya jembe. Akanong'ona neno la kwanza sikioni mwangu. Nikaelekeza herufi kwa kifundo. Akabonyeza. Tak. Maharage mia na kumi na mawili kwake yalikuwa hewa.

"Hii?"

"Hiyo. Sasa hii."

Tak.

"Kumbe ni kupanda tu," alisema. "Shimo moja, mbegu moja."

Tulikwenda hivyo saa mbili nzima. Yeye ananong'ona, mimi naonyesha, yeye anapanda. Kuna mahali alisimamisha kidole hewani muda mrefu juu ya herufi ya kwanza ya jina la mtu, nikadhani hatashuka. Alishuka. Kwenye karatasi ile nafasi zimekosekana kati ya maneno mengi, na herufi moja imejirudia mara nne kwa sababu alikohoa akiwa ameibonyeza. Nilimwambia naweza kuzisahihisha mikono ikipona. Alikataa. "Waone nilivyolima mwenyewe."

Bahasha iko kwenye sanduku langu la bati. Haijafunguliwa, na naomba ikae hivyo muda mrefu. Swichi nyekundu nimezihifadhi kwenye chupa ya vidonge yenye kifuniko kisichokazwa; daktari anasema nitazirudia, na pengine ndivyo. Maandishi haya yamenichukua siku nyingi, mistari kumi na mitano kwa siku, siku nyingine minane, siku nyingine hakuna. Ukiweza kuchagua, chagua laini. Uliza tu kwanza watu wako wanasikia nini.

Siku ile tulipotoka, Yohana alikuwa amesimama karibu na baiskeli.

"Katibu, leo mashine imekwenda polepole sana."

"Mikono inamwuma," Bibi alijibu kabla yangu.

Kisha akanigeukia kuniaga. Nilikwisha ingiza mikono mfukoni, kama nilivyozoea. Hakuisubiri itoke. Akanishika juu ya kiwiko, mahali pasipouma, akashikilia, akaniuliza habari za nyumbani, za mke wangu, za mvua kama zitawahi mwaka huu, na alipomaliza kuuliza bado alikuwa amenishika.